Salamu ya Anakleti Iliyokatikia Bondeni

"Sijaivunja! Nimeifungua tu! Kuvunja na kufungua ni vitu viwili!"

Huyo ni Anakleti Nduwayezu, fundi redio wa senta ya Titye, amesimama mlangoni kwake na bisibisi mkononi, anamlalamikia mke wake mbele ya barabara nzima.

"Na tena shida ya nyumba hii siyo redio," akaendelea. "Shida ya nyumba hii ni kwamba hakuna anayesikiliza! Nikifungua mdomo, na wewe umefungua. Mtu mmoja aseme, mwenzake anyamaze, halafu wabadilishane. Ndicho ninachodai, basi!"

Bahati mbaya ilionekana lalamiko hilo lote halikumfikia mwenyewe, maana Epifania mke wake alikuwa anasema wakati uleule. Mimi nilikuwa kizingitini kwangu, ng'ambo ya barabara, napepeta maharage, na masikio yangu yakapendelea ya Epifania kwa sababu ndiyo yaliyokuwa na chumvi.

"Redio ya mama yangu! Kanikabidhi siku ya harusi, kaifunga kwenye kitenge, kasema hii ikusemeshe siku mumeo akinuna! Leo umeitoa utumbo kama kuku wa Krismasi! Imebaki firigisi!"

"Firigisi nayo nimeshaitoa," alisema Anakleti, na akafungua kiganja kwa fahari. Ndani yake mlikuwa na kidude cheusi, kidogo kuliko punje ya haragwe, chenye miguu huku na huku kama jongoo. Mafundi wanakiita aisii. "Hiki ndicho moyo wa kampuni, mke wangu."

"Basi kalale na kampuni."

Asubuhi hiyohiyo Epifania alibeba nguo zake, akabeba kitenge kilichofunga redio, akabeba na sufuria zote mbili za nyumba ile, akashuka bondeni kwenda kwa mama yake.

Nyumba ya mama yake, Esteri, ukiwa Titye unaiona. Iko mlima wa pili, uso kwa uso na sisi, na bati lake jua la asubuhi likiligonga linawaka mpaka unafumba jicho. Unaona hata kama wameanika mihogo. Lakini kwenda huko kwa miguu ni asubuhi nzima ya kuteleza, kuvuka mto na kupanda tena, na ukifika huna pumzi hata ya kugombana. Epifania pumzi alibakiza. Tuliambiwa alianza kusimulia kabla hajafika uani.

Niwaeleze kwanza huyu Anakleti ni mtu wa namna gani, maana wasiomjua wanamwona mpumbavu, na tunaomjua pia tunamwona hivyohivyo, ila sisi tunampenda.

Alizaliwa Mabamba, kule Kibondo mpakani, kwa wazazi waliovuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili na jembe na kuku mmoja. Ufundi wa redio alijifunza kwa kuzifungua. Kuzifunga alijifunza baadaye sana. Mwaka tisini na nne, wakimbizi walipojaa Kibondo na magari meupe yakawa mengi kuliko mbuzi, akapata kazi ya ulinzi kwenye ghala moja la misaada. Wakampa simu ya upepo ya mkononi, ile unayobonyeza kitufe ukitaka kusema na kukiachia ukitaka kusikia. Hapo ndipo mtu alipoharibika. Aliambiwa atoe taarifa ya kila kinachopita getini, naye akatoa.

"Paka amepita getini, ova."

"Paka amesimama, ova."

"Paka anajilamba, sijui amekula nini, ova."

Mkuu wa ghala akavumilia paka, akavumilia na kunguru. Lakini siku Anakleti alipotangaza kwa walinzi wote wa Kibondo kwamba mkuu mwenyewe ameingia na vifungo vya shati amevikosesha, ova, wakampokonya chombo na kazi ikaishia hapo.

Akaja Titye na ugonjwa wake. Akaoa Epifania, akaweka meza ya kutengeneza redio, na kwa muda akaonekana kama amepona. Mpaka alipokutana na Wilondja.

Wilondja ni Mkongomani wa Fizi, alikuwa kambini Nyarugusu. Kibali chake cha kutoka kambini kiliandikwa matibabu ya jino, na jino hilo liliuma mwaka tisini na nane wote. Mwenyewe alisema kwao alikuwa mhandisi. Wengine kambini walisema alikuwa mpiga gitaa wa bendi. Ukimwona ameshika chuma cha kuchomea risasi, ile ya kuungia nyaya, ulikuwa unaamini yote mawili.

Hao wawili ndio walioanzisha kampuni. Walipata ubao wa sanduku la sabuni, wakaandika kwa rangi ya mlango: KAMPUNI YA KUBUNI MAWASILIANO YA KARIBU, TITYE NA DUNIANI. Anakleti akawa Mkurugenzi, Wilondja akawa Mhandisi Mkuu, na mfanyakazi hakuwepo. Vikao vya bodi vilifanyika nyuma ya nyumba kwa muhogo wa kuchoma. Mkurugenzi anachora ukutani kwa mkaa, Mhandisi Mkuu anafuta kwa kiwiko na kuchora upya, na shati la Mhandisi Mkuu ndilo lililobaki na michoro yote ya kampuni.

Nikamuuliza siku ile ubao unapigiliwa misumari, "Baba Kampuni, mawasiliano ya karibu ya nini? Mtu akiwa karibu si namwita tu?"

"Mama Tunu, kuna karibu ya kusikika na karibu ya kuonana. Bati la mama mkwe wangu unaliona?"

"Naliona."

"Haya, liite."

Nikashika njia ya nyumbani. Sipendi mtu anishinde kabla sijanywa chai.

Basi ndiyo kazi yenyewe: kubuni simu za upepo za kutoka mlima mpaka mlima, bila kununua kitu cha kiwandani, kwa kutumia matumbo ya redio zilizokufa. Kila simu ilihitaji aisii moja nzima. Moja Wilondja aliitoa kwenye redio yake aliyovuka nayo ziwa. Ya pili ndiyo hiyo mliyosikia ugomvi wake.

Sasa kwetu, mke akirudi kwao amenuna, mume anajua la kufanya. Anabeba dumu la pombe ya ndizi, anakwenda kwa miguu, anakaa mbele ya wakwe, anaulizwa, anajibu, anakula maneno, jioni anarudi na mkewe. Nikamwambia, "Dumu unalo, miguu unayo. Nenda."

"Mkurugenzi haendi kwa mguu kujieleza," akasema. "Nitajieleza kwa mtambo. Kwenye mtambo mmoja anasema, mwingine anasikiliza. Hapo tu ndipo nitakaposikika."

Kiburi hicho kilikuwa cha mdomoni. Nilikuwa namwona anasonga ugali kwenye kopo la rangi, maana sufuria zote zilikuwa ng'ambo, anakula huku anatazama lile bati. Siku moja akanijia kizingitini, sauti imeshuka.

"Mama Tunu, Epifania akikaa kule mpaka mavuno, hatarudi. Namjua mama yake. Atamkatia kipande cha migomba, ndiyo basi tena."

"Unamtaka?"

"Nalala katikati ya kitanda, Mama Tunu. Kitanda chenyewe kinanishangaa."

Nikakubali kubeba mtambo mmoja mpaka ng'ambo.

Alhamisi huwa nakwenda mlima ule kununua maharage, kwa hiyo haikuwa safari mpya. Mtambo ulikuwa kisanduku cha mbao kama cha kuwekea chaki, spoku ya baiskeli imesimama juu kama pembe, betri zimefungwa mgongoni kwa mpira wa ndani ya tairi. Anakleti akanifundisha njia nzima mpaka mwisho wa senta: "Bonyeza kusema, achia kusikia. Ukimaliza, sema ova."

"Nikikosea?"

"Hutasikika."

"Hiyo haijanipata tangu nizaliwe."

Nikamkuta Esteri amekaa kwenye mkeka uani. Ni mwanamke mfupi, mkavu, macho ya mtu anayejua kuku wake wako wapi na wa jirani wako wapi. Epifania alikuwa mlangoni anapukuchua mahindi, kanipa mgongo, lakini masikio kayageuza. Nikaweka kisanduku juu ya kinu. Kikakohoa.

"Titye anaita ng'ambo! Titye anaita ng'ambo, ova!"

Kuku wakapanda migombani. Esteri hakutikisika. Alisikia sauti ya mkwewe, na mtu aliyelelewa akisikia sauti ya mkwewe anafanya jambo moja tu. Anasalimia.

Na salamu ya huku, nyie mliozaliwa mijini, siyo ile ya kurushiana neno moja mkipishana. Salamu yetu haina zamu. Mnaanza pamoja, mnaulizana pamoja, mnajibu pamoja, viganja vinapigwa polepole, na maneno ya wawili yanapanda juu ya mwenzake kama wachezaji wa ngoma moja. Mwakeye, amahoro, mmelalaje, watoto, ng'ombe, mbuzi, migomba, mvua, majirani, mgonjwa wa juzi. Anayenyamaza kumsubiri mwenzake amalize anaonekana ana kinyongo. Na mwisho kabisa, mwenye umri mkubwa anauliza, "Nyumbani wote wapo?" na mwingine anajibu, "Wapo." Hapo salamu imefungwa, ndipo mseme yaliyowaleta. Isipofungwa, hakuna mazungumzo. Kuna mtu kule Murungu, kwetu, aliacha salamu katikati kwa sababu nyumba yake ilikuwa inaungua, na mpaka leo wanamwambia angeweza kumaliza.

Esteri hawezi kupiga viganja huku ameshika kitufe, kwa hiyo nikambonyezea mimi. Akaanza. Nikangoja apumue niachie kitufe, na yeye hapumui. Salamu nzuri haina mahali pa kupumulia. Kule Titye, Wilondja alinisimulia baadaye, Anakleti naye aliposhika tu mtambo akasahau Kibondo yote. Akapiga magoti kwenye vumbi la senta, akampa Wilondja abonyeze kitufe, akapiga viganja, akaanza kumsalimu mama mkwe wake tangu ng'ombe mpaka mvua. Mtambo unaosema hausikii. Wote wawili walikuwa wanasema. Kwa hiyo watu wawili walisalimiana vizuri sana, kwa heshima zote, na hakuna aliyesikia hata neno.

"Watoto wa jirani?" anauliza Esteri, anaitikia kwa kichwa kana kwamba amejibiwa. "Ahaa. Na yule mbuzi mwenye jicho bovu?" Anaitikia. "Vizuri, vizuri."

Betri zikaanza kulegea. Kisanduku kikatoa mlio wa mbu aliyefungiwa kwenye chupa. Esteri akafika mwisho, akainua uso kuelekea Titye, akauliza kwa sauti ya ibada:

"Nyumbani wote wapo?"

Nikaachia kitufe. Kimya. Kisanduku kilikuwa kimekufa.

Esteri akangoja. Akanitazama. "Nimemuuliza nyumbani wote wapo, kanyamaza."

"Wote watakuwaje, mama," alisema Epifania bila kugeuka, "na mimi niko hapa napukuchua mahindi?"

Niliporudi na kisa hicho, kampuni iliitisha kikao cha dharura. Wilondja akatoa uamuzi wa kitaalamu.

"Patron, mtambo iko muzima. Shida ni ile salamu yenu. Iko nakula mapili yote." Mapili ndiyo betri kwa Kiswahili chao cha Kongo. "Mbele hamujafika kwa maneno, mapili imekufa. Ukate salamu. Useme maneno tu."

"Usithubutu," nikasema.

"Mama, ni teknike."

"Teknike mwambie mama mkwe wako, siyo wa mwenzio."

Lakini Anakleti alikuwa amenunua betri mpya na macho yake yalikuwa kwenye bati. Alhamisi iliyofuata nikabeba tena kisanduku, nikimwomba Mungu betri zilowe mtoni. Hazikulowa.

Jambo moja kampuni ilikuwa haijaligundua. Zile simu zao zilikuwa zinavuja. Sauti haikuishia kwenye kisanduku. Iliingia kwenye kila redio bondeni, pembeni kidogo tu ya kituo cha taifa. Na saa ile, kwenye nyumba zote zenye redio, watu walikuwa wamekaa tayari wanasubiri kipindi cha salamu. Wanawake wameshika vibakuli, wanaume wamenyamazisha watoto, wanasubiri kusikia nani kasalimiwa na nani. Badala yake ikaingia sauti ya Anakleti, kubwa, safi, bila hata kukohoa:

"Mama Esteri, nataka mke wangu, ova!"

Bonde zima likasema "Hii!" kwa pamoja. Nililisikia nikiwa uani kwa Esteri, kama upepo umepita migombani.

Esteri hakujibu. Alisimama, akachukua tenga la kufunikia kuku mwenye kisirani, akakifunika kisanduku. Halafu akakaa, akanyoosha khanga magotini.

"Mama Tunu, kamwambie mkwe wangu ninamdai salamu. Ile ya kwanza haikufungwa. Hii ya pili haikuanza hata. Akilipa, tutasema habari ya mke."

Na chini ya tenga kisanduku kinaendelea: "Ng'ambo, mnanisikia? Ng'ambo? Ova?"

Epifania aliingia ndani haraka. Sijui alikwenda kulia au kucheka. Mabega yalikuwa yanatikisika, na hayo kwa yote mawili hutikisika.

Kuanzia siku hiyo Titye ilimshikisha Anakleti adabu. Hakuna aliyemtukana. Watu waliacha tu kumsalimia. Mteja anaingia, anaweka redio mezani: "Haisemi. Tengeneza." Anatoka. Adija, muuza dagaa, mwanamke asiyeweza kukuuzia bila kuuliza habari za bibi yako aliyekufa, alikuwa anamwekea fungu lake kwenye ubao na kutazama mawingu. Kanisani, tulipoambiwa tupeane amani, watu wa benchi lake walishikana mikono kwa kumruka kama dimbwi. Hata mwendawazimu wa stendi, anayesalimia nguzo, akampita.

Mwanamume akaanza kukonda. Alikuja kizingitini kwangu, akakaa chini, akanitolea mawe kwenye maharage mpaka nilipomaliza ungo mzima.

"Mama Tunu, nisalimie."

"Lipa kwanza ng'ambo."

"Neno moja tu. Mwakeye. Sitamwambia mtu."

"Nenda zako, Anakleti." Nilimwonea huruma, lakini huruma yangu nayo ilikuwa inaogopa majirani.

Akakaa akinitazama ninavyopepeta huku nagombana na Tunu, binti yangu, aliyekuwa jikoni. Mimi nasema, yeye anasema, hakuna anayemsubiri mwenzake, na kila mmoja amesikia yote, maana chumvi ililetwa na kuni zikaongezwa. Nikaona macho ya Anakleti yanakuwa makubwa.

"Mnasikilizana," akasema.

"Tunagombana."

"Mnasema pamoja na mnasikilizana! Mama Tunu, Epifania alikuwa ananisikia siku zote!" Akasimama. "Kosa ni la kitufe! Kitufe kimebuniwa na watu wanaosalimiana neno moja!"

Akakimbia nyumbani kwake, akafuta ukuta wote wa kampuni kwa shati lake mwenyewe.

Wilondja alikataa kwanza. "Patron, sauti mbili kwa njia moya zitagongana sawa baiskeli."

"Basi weka njia mbili! Moja ya kwenda, moja ya kurudi!"

Wilondja akautazama ukuta uliofutwa. Akajishika shavu la jino. "Ah, non. Ile iko na akili."

Jino likampeleka kambini Nyarugusu, likamrudisha na mfuko wa redio zilizokufa alizobadilishana kwa unga wa muhogo. Mimi nikarudisha kile kisanduku kutoka chini ya tenga. Wakatoa aisii nyingine, wakachoma risasi mpaka mtaa wote ukanuka. Na walipomaliza, zile simu hazikuwa na kitufe popote. Kila moja ilikuwa na njia ya kupeleka na njia ya kupokea, zote wazi muda wote, na ilivaliwa shingoni kwa kamba ya mpira ili mikono ibaki huru kupiga viganja. Walinijaribishia mimi kizingitini na Anakleti mwisho wa senta. Nilipepeta maharage, nikapiga viganja, nikamuuliza habari za mbuzi, yeye akauliza za kwangu, yote pamoja, nami nikasikia kila neno. Nakiri nilitabasamu. Nikakumbuka tumemnyima salamu, nikavua haraka. Jaribio la kampuni halihesabiki.

Nikapeleka habari ng'ambo: mtambo mpya upo, unasalimia kama mtu. Esteri akasikiliza mpaka mwisho.

"Salamu ninayodai hailipwi kwa upepo. Aje hapa uani, kwa miguu. Na vyuma hivyo aje navyo viwili, nione kama kweli vinajua adabu."

Basi akaenda. Mkurugenzi mzima, dumu la pombe ya ndizi kichwani, simu shingoni, suruali imekunjwa magotini. Nyuma yake Wilondja na simu ya pili, nyuma yao mimi, kwa sababu ilikuwa Alhamisi, na hata isingekuwa. Alianguka mara moja mtoni, dumu likapona. Bonde lote lilikuwa limesimama kwenye vizingiti, linatazama kimya.

Uani kwa Esteri, Wilondja akainama kwa heshima akamvisha mama yule simu ya pili kama mtu anayevishwa nishani. Epifania alikuwa mlangoni, safari hii hakutoa mgongo. Anakleti akatua dumu, akasogea mbele ya mama mkwe wake, akakunja goti, akapiga viganja. Na Esteri akapiga viganja. Wakaanza pamoja.

Ndipo zile simu zikasikiana.

Hakuna kati yetu aliyejua kwamba mitambo miwili ya namna hiyo, iliyo wazi njia zote, ikikutana uso kwa uso, kila mmoja unameza sauti ya mwenzake na kuitapika, na mwenzake anaimeza tena. Ulianza mluzi. Mluzi ukawa kilio. Kilio kikawa kama nguruwe ameshikwa mkia na treni. Mbuzi wakakata kamba. Kuku, niliwaambieni wanakojua kwenda. Wilondja akaziba masikio akapiga kelele, "Muachane! Muachane kidogo!" Lakini nani aachane? Mtu anayelipa salamu haondoki katikati, na anayelipwa ndiyo kabisa. Esteri akapandisha sauti: "Ng'ombe, je?" Anakleti akapandisha: "Hawajambo! Migomba, mama?" "Imesimama! Mvua?" "Inatosha!" Nyuso zimekunjamana kwa kelele, shingo zimevimba, viganja vinakwenda polepole kwa adabu ileile, na huko bondeni, kwenye kila redio, wanasikia nguruwe huyohuyo anauliza habari za mgonjwa wa juzi.

Betri zikaisha. Za wote wawili, karibu pamoja. Kelele ikakatika kama imepigwa panga, na katika kimya kile sauti ya Esteri ikabaki peke yake, kubwa kuliko ilivyohitajika:

"Nyumbani wote wapo?"

Anakleti akafungua mdomo. Viganja vikasimama hewani.

Hakuweza. Neno lenyewe ni moja tu, na kila mtu hulisema bila kufikiri, hata mwenye nyumba iliyobomoka. Lakini Anakleti alilikumbuka kopo la rangi, nadhani, na kile kitanda. Akatazama chini. Esteri akangoja. Hakumsaidia wala hakumharakisha. Mbuzi mmoja akarudi kuangalia kama kumetulia.

Nikasikia vyombo vinagongana. Epifania alikuwa ameingia ndani akatoka na sufuria, moja ndani ya nyingine, kitenge cha redio kimefungwa kiunoni. Akapita mbele yangu, akamzunguka mama yake, akaenda kusimama upande wa mumewe, akamwekea sufuria miguuni.

"Mjibu mama," akasema. "Magoti yatakuuma."

Anakleti akamtazama mkewe, akatazama sufuria, akamgeukia Esteri.

"Wapo," akasema. Halafu, kwa sababu ugonjwa haujapona na hautapona: "Wapo wote, ova."

Esteri akapiga kiganja cha mwisho. Akavua kile chuma shingoni, akamtundikia binti yake, juu ya kitenge.

"Basi," akasema. "Simdai tena. Mama Tunu, leta vikombe."